Msasa Hakuugua kwa Muda Mfupi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza kaka yangu, poleni kwa jua na asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yetu. Wengi mnanifahamu kwa lile duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi, na baadhi yenu nimewachapia vitabu vya mazishi ya watu wenu kama hiki mlichoshika. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Vidole vyangu vikifika kwenye aya ya ugonjwa huwa vinaandika vyenyewe, bila kuniuliza: aliugua kwa muda mfupi. Nimeyachapa maneno hayo hata kwa watu ambao mtaa mzima uliwaona wakikonda miaka kumi.

Marehemu alinipa kazi ya kuandika wasifu huu akiwa hai, akili zake timamu, na akaiwekea masharti mawili. La kwanza, maneno hayo manne yasiandikwe juu yake. La pili, nisiusome nikiwa na njaa. Sharti la kwanza kaka yetu mkubwa, aliyekaa hapo mbele, alilipinga mpaka jana jioni. La pili hakulielewa, na nyinyi pia hamtalielewa mpaka nifike mbele kidogo. Mnivumilie. Sijalala vizuri wiki hii nzima, na sauti yangu haikuumbwa kwa kusoma mbele za watu.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la kiwanda hicho, na mama yetu alikuwa akishona sare za shule. Mama alipenda kusimulia kwamba kaka alipokuwa na miaka mitano alichukua kijiko akakaa siku nzima akibandua rangi kwenye geti la mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaja juu, anataka mtoto apigwe. Baba akamuuliza mtoto, "Nini hiki ulichofanya?" Akajibu, "Nilitaka kuona chini kuna nini." Wakaenda kuangalia wote watatu. Chini ya rangi, bawaba ya juu ilikuwa imeshaliwa na kutu, imebaki kama ganda la yai. Geti lile lingemwangukia mtu. Kipigo kilifutwa, ila kijiko hakikurudi jikoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Hesabu alizipenda na kuchora alikuweza. Mwandiko wake ndio uliomshinda. Mwalimu mmoja aliwahi kumrudishia daftari akamwambia alete na mtu wa kulisoma. Kwa hiyo tangu nilipojua kuandika, karatasi zake zote ziliandikwa na mimi: maombi ya kazi, risiti, hata barua za uchumba. Wifi yangu anajua, tulimwambia baada ya harusi, na alicheka kidogo sana. Nalisema hili mapema kwa sababu mkono wangu huu umeandika mambo yake mengi, na si yote ninayojivunia.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika gereji moja kubwa, akaanza kwa kuosha magari, akapanda hadi kunyoosha bodi na kupiga rangi. Mwaka 1985 alifungua karakana yake mwenyewe nyuma ya soko la mbao, mahali alipofanya kazi mpaka miguu ilipomkatalia. Hapo ndipo alipopewa jina la Msasa. Mafundi wengine walikuwa wakipata gari lenye kutu wanajaza mashimo kwa puti, wanalainisha, wanapiga rangi, gari linang'aa, mwenye nalo anaondoka anapiga honi. Kaka alikuwa anasugua mpaka afike kwenye bati lenyewe.

Nilikuwepo siku mteja mmoja alipomletea gari la kuuza.

"Fundi, we weka puti tu, nipigie rangi. Wiki ijayo linaondoka."

"Na anayelinunua?"

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Ondoa gari lako, linanizibia mlango."

Gari akikubali kulipokea, hakuigusa kutu kwanza. Alikuwa akitoa mazulia yote, anamwambia msaidizi amwage maji juu ya paa, yeye mwenyewe anaingia ndani na tochi, anajilaza sakafuni, anatafuta tone la kwanza linapoingilia. Angeweza kulala humo saa nzima. Wateja walikuwa wanachoka. "Fundi, kutu iko huku chini, unatafuta nini juu?" Naye alikuwa na jibu lile lile siku zote: "Ziba maji kwanza, kutu baadaye." Mafundi aliowafundisha, wengine nawaona hapa, hawakutoka kwake bila kuyajua maneno hayo.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1979, na mwalimu wa shule ya chekechea, huyu wifi yangu mnayemwona amekaa kimya. Bwana harusi alifika akiwa na rangi ya bluu nyuma ya sikio, na iko kwenye picha zote. Walijaliwa watoto watatu. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wanaotaniana kutwa. Chai yake alikunywa na vijiko vinne vya sukari, na wifi alikuwa akisema hakuolewa, aliajiriwa kukoroga. Sisi sote tulicheka. Hakuna aliyejua tunacheka nini.

Sasa nafika kwenye aya ambayo kaka mkubwa aliniomba niifupishe.

Alikuja dukani jana, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaniambia, "Andika moyo ulisimama. Ni kweli, daktari kasema."

Nikamwambia, "Moyo wa nani hausimami, kaka?"

"Mambo ya nyumbani hayasomwi kwenye kaburi la mtu."

"Ni yeye aliyetaka yasomwe."

"Alikuwa mgonjwa."

"Miaka kumi na tisa," nikasema. "Nimehesabu."

Baadaye akasema nifanye ninavyojua, ila yeye asitajwe. Shikamoo kaka, nisamehe, umetajwa.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwezi wa Mei mwaka 2004, akiwa na miaka arobaini na minane. Alianza kwa kukonda na kunywa maji kama lori bovu. Akapewa tembe, akaambiwa apunguze vitu vitamu, atembee, na ahudhurie kliniki kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kliniki ile ina benchi refu kwenye ukumbi, na muuguzi anayepima alikuwa na sauti ya mnada. Mtu akitolewa tone la damu, namba yake inatangazwa. Ikiwa mbaya, anagombezwa hapo hapo, mbele ya benchi zima, mtu mzima mwenye wajukuu. Mara ya pili kwenda, kaka alitangazwa kumi na sita. Alirudi nyumbani akaapa kwamba benchi lile halitamsikia hivyo tena.

Mwezi uliofuata akapata dawa yake mwenyewe. Kuanzia Jumapili asubuhi hakula. Alikunywa maji na chai kavu isiyo na sukari, akatembea, akalala. Jumanne namba ikatoka sita. Muuguzi akamsimamisha. "Mnamwona mzee huyu? Mfano wa kuigwa!" Benchi zima likampigia makofi. Kaka alitoka pale, akavuka barabara, akanywa soda mbili akiwa amesimama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minane. Siku ishirini na nane alikula na kunywa alivyotaka, siku mbili alishinda njaa. Nyumbani tulikuwa na jina la hizo siku mbili. Tulikuwa tunasema, "Kaka anapiga rangi." Watoto wanasema, wifi anasema, mimi nasema, na yeye mwenyewe anasema, tunacheka. Mtu aliyefukuza wateja kwa kutaka rangi juu ya kutu alikuwa akifanya hivyo hivyo kila mwezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo kuwa jambo la kuudhi.

Mimi nilifanya zaidi ya kucheka. Mwaka 2009 watoto walimnunulia mashine ndogo ya kujipimia, na kliniki ikampa daftari la kuandika namba kila asubuhi. Hakuwa akijipima. Jumatatu jioni, siku moja kabla ya kliniki, alikuwa anakuja nyumbani kwangu na daftari tupu, anakaa mezani, ananisomea kutoka kichwani. "Andika saba nukta mbili. Kesho yake weka saba nukta nne, zisije zikafanana. Hapa weka nane, ionekane nilikuwa na shida." Mimi naandika. Na kwa kuwa nafanya kazi na karatasi, nilikuwa nabadilisha kalamu. Siku tatu wino wa bluu, siku mbili mweusi, mara moja nikaweka alama ya kikombe cha chai pembeni ili daftari lionekane limetumika. Nilijisifia ile alama ya kikombe. Leo ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2012, alikuwa karakanani anachomelea fremu ya mlango. Ghafla akasimamisha kazi akanusa. "Nani anaunguza kiatu?" akauliza. Mafundi wakaangaliana. Akauliza tena, kwa ukali, maana alichukia uzembe. Binti yake, mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kazi hapo, ndiye aliyeona moshi. "Baba, ni chako." Cheche ilikuwa imeingia ndani ya kiatu, ikachoma soksi, ikachoma kidole, imefika kwenye nyama, na yeye hakusikia chochote. Kidonda kile kilikataa kupona. Mwezi wa Novemba alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Januari 2013 alipelekwa kwa daktari mpya wa kliniki, binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Nilimsindikiza mimi. Daktari alifunua daftari ukurasa baada ya ukurasa, akaangalia mguu, akaangalia tena daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, daftari hili ni la mtu ambaye karibu apone. Mguu huu ni wa mtu mwenye sukari ya juu miaka yote. Kimoja kati ya hivi viwili kinanidanganya, na mguu haujui kuandika."

Mimi niliangalia sakafu. Daktari akatoa damu ya kipimo kingine, kile cha miezi mitatu. Akaeleza kwamba sukari ikiwa juu hujibandika kwenye chembe za damu, na chembe hizo huishi karibu miezi mitatu, hivyo kushinda njaa siku mbili hakubadilishi kitu. Majibu yakatoka kumi na moja nukta nane, wakati yeye alimtaka awe karibu na saba. Kaka hakubisha. Aliuliza tu swali ambalo naona alikuwa amelibeba tangu siku ya kiatu: "Sukari ni kitu kitamu tu. Inawezaje kula kidole?"

Daktari akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia ni fundi bodi, akasogeza kiti.

"Basi utanielewa kuliko wengine. Mwili wako unaichoma sukari kwa kutumia oksijeni, ndiyo unapata nguvu. Katika kuchoma huko, kila mara zinaruka chembe kali kali za oksijeni, kama cheche zako. Kwa kawaida mwili una vitu vyake vya kuzizima. Sasa damu ikijaa sukari siku zote, kuna sehemu haziwezi kuikataa. Kuta za mishipa midogo ya damu, macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguu. Sukari inaingia tu. Zinachoma kupita kiasi, cheche zinakuwa nyingi, vizimaji vinazidiwa. Zinaunguza kuta, zinaunguza mishipa. Ndiyo maana mguu wako haukukuambia kitu. Si njia pekee ya sukari kuharibu, lakini ni mojawapo kubwa."

Kaka akafikiri. "Oksijeni hii hii inayokula bati?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa hiyo nina kutu."

"Si kutu kamili, mzee. Ni ndugu yake."

"Inaondoka?"

Daktari hakumdanganya, na namheshimu kwa hilo. Akasema kilichoharibika kwa miaka minane hakirudi chote, na kwamba hata sukari ikishuka leo, madhara mengine huendelea kwa muda kwa sababu ya yale ya nyuma. Lakini ikishuka leo, mengi yanayokuja yanapungua. Akamwambia aache sigara, adhibiti presha, ameze dawa zote, na aje na namba za kweli.

Sasa hapa marehemu alifanya kosa ambalo angeweza kulifanya fundi bodi tu. Katika maelezo yote yale alisikia neno moja, kutu, tena alilisema mwenyewe. Na kwake kutu ina dawa. Njiani kurudi alikuwa ameshachangamka. Wiki ile ile akapata mtu anayeuza makopo ya vidonge, yameandikwa kwamba yanapambana na hizo chembe kali za oksijeni. Akayapanga kwenye rafu ya karakana, pembeni ya makopo ya rangi, akayaita praima, kama ile rangi ya chini ya kuzuia kutu. Asubuhi vidonge viwili, jioni viwili. Na kwa kuwa ana praima, akalegeza mengine. Tembe za sukari zikawa za kukumbukwa. Vijiko vinne vikarudi. Hata mimi niliingia mkumbo, nikamchapia yule muuzaji karatasi za matangazo.

Ulipita mwaka mzima. Februari 2014 daktari akapima tena miezi mitatu: kumi na mbili nukta moja. Kaka akatoa kopo mfukoni, akaliweka mezani. Akasema yeye anatibu kutu, ajabu hii inatoka wapi.

Daktari alilisoma kopo, akaliweka chini taratibu. Nilidhani atagomba. Alionekana amechoka kuliko sisi.

"Mzee, mteja akikuletea gari, sakafu ina kutu na mlango unavujisha maji. Unaanza na nini?"

"Naziba maji."

"Praima?"

"Baadaye."

"Ukipaka praima na maji bado yanaingia?"

Tulisikia muuguzi huko nje anatangaza namba ya mtu. Daktari akamwambia kwa upole kwamba vidonge vya namna hiyo vimejaribiwa kwa watu wengi, na havijaonekana kuzuia madhara ya kisukari, na kwamba maji yake yeye ni sukari. Kaka akavaa kofia. Tulipofika nje akaketi kwenye ngazi, akasema, "Maisha yangu yote nimewaambia watu. Maisha yangu yote." Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilimwona kaka yangu akilia, na sitaki kusema zaidi.

Kuanzia siku hiyo marehemu hakupiga rangi tena. Alijipima kila asubuhi na akaandika namba kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa kuku, kalamu moja. Zilikuwa namba mbaya kwa miezi mingi. Alitangazwa kumi na nne mbele ya benchi, akasimama akasema, "Ndiyo, ni yangu." Kisha zikaanza kushuka. Mwaka 2016 kipimo cha miezi mitatu kilisoma saba nukta tatu, na wifi akaweka karatasi ile kwenye fremu, ukutani, pembeni ya picha ya harusi yenye sikio la bluu. Bado iko.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Jicho la kushoto lilizima mwaka 2018. Figo zilizidiwa, na kuanzia Februari 2021 alikuwa akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye kile chumba chenye viti vya plastiki ya kijani na feni isiyozunguka. Daktari aliniambia miaka tisa ya kweli ilimpa muda ambao asingekuwa nao. Namwamini. Lakini niliwahi kuuliza, nikiwa peke yangu naye, ile minane ya mwanzo je. Akasema, "Shangazi, hilo usijiulize." Najiuliza.

Juni 2021 mimi nami nikagundulika. Kliniki ile ile, benchi lile lile, ila mimi naenda Jumatatu. Mtadhani nilikuwa nimejifunza. Mwezi wa pili nikatangazwa kumi na tano mbele ya wateja wangu. Mwezi wa tatu nikashinda njaa siku mbili. Kile kipimo cha miezi mitatu, mashine yake ilikuwa mbovu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kila ninapoambiwa haijatengenezwa. Nimeshasema nimechoka. Mtu akichoka hata aibu yake huwa ya kizembe.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba mwaka huu, nilikuwa nimekaa naye kwenye kusafishwa damu, mchana. Kliniki yangu ilikuwa Jumatatu yake. Alikuwa amefumba jicho lake moja, nikajua amelala. Tumbo langu likanguruma, ukumbi mzima ukasikia.

Akasema bila kufumbua, "Hujala."

"Nimekula, kaka."

Likanguruma tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mashine ikapiga kelele na muuguzi akaja mbio. Muuguzi alipoondoka, kaka hakuwa anacheka tena.

"Unapiga rangi."

Nikamwekea shuka sawa.

"Nilikufundisha mimi. Mezani kwako, na kalamu zako."

"Kalamu zilikuwa wazo langu," nikasema.

"Basi tumefundishana." Akanyoosha mkono ule usio na sindano akanishika kidole. "Wasifu wangu utauandika wewe. Usiniandikie muda mfupi. Waambie yote, na kikombe cha chai uwaambie. Na siku hiyo usisimame pale una njaa. Nikijua una njaa sitalala."

Nikamwambia aache maneno ya kufa. Akasema hayo si ya kufa, ni ya chakula.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na nusu alasiri, nyumbani kwake, kwenye kiti cha dirishani. Kutoka hapo husikika nyundo za karakana, ambayo sasa inaendeshwa na binti yake. Alimwomba wifi afunge dirisha kwa ajili ya vumbi, kisha akamwambia basi, aliache tu. Wifi alipogeuka alikuwa ametutoka. Moyo ulisimama, kama kaka mkubwa alivyotaka niseme. Ulisimama baada ya figo, baada ya jicho, baada ya vidole, na yote yalitokana na kitu kimoja kilichoanza kabla hatujajua jina lake, kikaendelea baada ya sisi kulijua.

Marehemu ameacha mjane, ambaye aliishi naye miaka arobaini na minne, binti mmoja, fundi, na wana wawili, wakwe watatu, wajukuu sita, kaka mmoja, na mafundi aliowafundisha, ambao wamelipiga rangi jeneza hili wenyewe baada ya kulisugua siku nzima. Familia inamshukuru yule daktari, ambaye amesimama pale nyuma na hapendi kuangaliwa, pamoja na wauguzi wa kusafisha damu.

Ameacha pia mdogo wake mmoja. Leo ni Jumamosi, na kliniki yangu ni keshokutwa. Kwa kawaida njaa yangu ingeanza asubuhi hii. Saa moja nilijipima, nyumba imejaa wageni, na namba ilikuwa kumi na nne nukta mbili. Nimeiandika kwenye daftari, na nimewasomea nyinyi kabla muuguzi hajaitangaza. Kisha wifi, ambaye ndiye aliyefiwa na ndiye aliyepaswa kulishwa, aliniwekea sahani mezani, akasimama pembeni yangu mikono kiunoni mpaka ikawa tupu.

Nimekula, kaka. Lala sasa, upumzike.